Vikombe Vitatu vya Tangawizi

Jabe, Bujumbura
12 Aprili 2025

Mpendwa kaka Karimu,

Assalaam alaikum. Vipi hali yako na baridi ya huko Ottawa? Wifi Danielle amepona mafua? Sisi wazima, alhamdulillah, ila bega la Mama. Daktari kamwambia akiendelea kutwanga tangawizi ya kinywaji anachouza, mkono hautainuka tena.

Ubishi wake unaujua. Mashine uliyomtumia ilikuwa bado ndani ya katoni, kaitandikia kitambaa kama meza. Ukimgusia anajibu, "Ya masini watu batajua."

Jirani yetu Prudence, anayesomea vyakula chuo kikuu, akaleta jaribio, pamoja na tangawizi iliyosagwa kwa mashine ya chuoni kwao inayofanana na hiyo. Kila mtu anapewa vikombe vitatu: viwili sawa, kimoja tofauti, ama cha kinu ama cha mashine, akitafute. Siku ya kwanza tuliharibu wenyewe, kwa sababu Mama alikaa palepale. Nani Jabe hii atamwambia mzee kwamba kikombe chake kimoja si kama vingine? Wote, "Yote iko muzuri, mama," wakaomba kuongezewa.

Jumamosi tukampeleka Mama kwa mama mdogo Adija, tukarudia na watu ishirini na wanne. Prudence alisema kwa kubahatisha tu watapatia wanane. Tuamini kwamba tofauti inasikika wakifika kumi na tatu. Walipatia tisa. Kaka, mwili ulinisisimka! Miaka yote hii tunabishana, kumbe hata bahati ina kipimo chake! Prudence akanionya kwamba huenda tofauti ipo, ila watu hawa hawakuisikia.

Mama aliporudi akataka ajaribiwe naye. Prudence akapanga vikombe nyuma ya pazia. Mama akapatia. Mara ya pili akapatia, ya tatu, ya nne. Prudence akapiga hesabu: kubahatisha hivyo hutokea mara moja katika themanini na moja. Subhanallah! Machozi yalinitoka.

Nikajua mashine ndiyo basi tena. Mama akafuta midomo polepole.

"Kumbe ni mi peke yangu naisikia," alisema. "Basi mufungue ile katoni."

Tangu Jumatatu anauza ya mashine na hakuna mteja aliyeuliza. Usiku analala bila kugumia kwa maumivu.

Ila kinu amekataa kitolewe. Siku utakayorudi atatwanga kikombe kimoja, akiweke kati ya viwili vya mashine, aone kama wewe bado unaijua yake. Njoo mapema, kaka, na usikosee.

Mdogo wetu Massoudi na mama mdogo Adija wanakusalimu sana. Mola akufikishe kwetu salama.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Hayat