Nimepika ng'ombe wa Mama Kulwa

Jumatano, mwezi wa saba. Baridi ya Sumbawanga ile yenyewe, na upepo juu yake. Chai nimekunywa nimesimama. Lakini moyo uko vizuri. Wiki iliyopita haukuwa vizuri. Naandika nisije nikasahau ujinga wangu.

Nimepika ng'ombe wa watu.

Sio wa kweli. Wa kwenye simu. Lakini ngoja.

Asiyenijua: mimi ni Mfipa, kibarua, napakia magunia ya mahindi kwenye ghala moja hapa mjini. Nakaa Kizwite. Shule niliishia la tano. Mke wangu alifariki, huu mwaka wa nne. Binti yetu Anita kaolewa Tunduma. Ndiye alinipa simu yake ya zamani, akanifungulia na hii blogu. Akasema baba andika, kuliko kuongea na sufuria.

Kwenye simu aliacha mchezo. Ule ambao kila kitu ni tofali. Udongo tofali, mti tofali, maji nayo tofali. Nikajua ni wa watoto. Kumbe humo ndani unatengeneza mashine. Kuna unga mwekundu, unaumwaga chini mstari, unapitisha umeme. Kuna pistoni inasukuma. Kuna hopa kama ya mashine ya kusaga, unachodondosha juu kinashuka kwenye sanduku. Nilielewa haraka. Miaka yote hii napanda ubao na gunia mgongoni. Mtu kama mimi ukimwonyesha mzigo unaojibeba, umemmaliza.

Kwanza nilitengeneza shamba la ngano. Nabonyeza kitufe, maji yanashuka, yanazoa ngano yote mpaka kwenye hopa. Mimi nimesimama tu. Sijainama. Mahindi hamna kwenye huo mchezo. Aliyeutengeneza hajafika Laela kwenye mahindi.

Sasa Mama Kulwa. Anachekecha mahindi ghalani kwetu. Ni Msukuma, baba yake alihamia bonde la Rukwa na ng'ombe. Naye ni mjane. Saa nne tukipumzika tunakaa kwenye magunia, nawasha hotspoti, anaingia kwenye mchezo wangu kwa simu yake. Mimi najenga mashine. Yeye mashine hataki. Yeye anafuga.

Alikamata ng'ombe saba porini, akawajengea zizi, kila mmoja akamwandikia jina. Majina ya ng'ombe wa baba yake. Mabaka. Msumbufu. Kidevu. Na Shangazi. Huyo Shangazi wa kweli ndiye aliyewalea kwa maziwa, yeye na wadogo zake, mama yao alipougua. Alinisimulia yote hayo. Nilikuwa nasikiliza huku napanga hopa.

Hapo ndipo kosa lilianzia.

Mimi nikatengeneza jiko. Wiki tatu nzima. Ng'ombe anasimama juu, nabonyeza kitufe, pistoni zinavuta sakafu, anashuka kwenye moto, nyama imeiva inatoka chini kwenye sanduku. Nilitaka kumfurahisha. Nilifikiri Msukuma ukimpa sanduku la nyama choma umemaliza mambo yote.

Jumamosi mchana nikalijaribu, peke yangu, nyumbani. Ng'ombe wa kwenye mchezo hawataki fimbo. Ukishika ngano mkononi wanakufuata. Nikapita zizini kwa Mama Kulwa kuchungulia, nikatoka, geti sikufunga. Nikashika ngano nikaenda zangu mpaka kwenye jiko. Nilijua kuna wa porini wawili watatu watanifuata. Ukigeuka unaona jina juu ya kichwa cha ng'ombe. Sikugeuka. Macho yalikuwa kwenye kitufe.

Nikabonyeza. Sakafu ikafunguka.

Nyama ilikuwa nyingi. Nikasema mashine yangu ina nguvu kuliko nilivyodhani. Nililala na furaha, Mungu anisamehe.

Jumatatu saa nne Mama Kulwa akaingia. Akaenda huku, akarudi.

"Baba Anita, ng'ombe wangu wako wapi?"

Mimi bado sijaelewa. Kifua mbele. "Achana na ng'ombe, mama. Nenda pale, fungua sanduku."

Akafungua. Nikamwona uso. Hapo ndipo na mimi nikaelewa, na nyama ya kwenye mchezo haina pa kuificha.

"Na Shangazi?" akauliza.

 

Alizima simu, akaiweka mfukoni, akachukua chekeche lake. Dakika za mapumziko zilikuwa bado nyingi.

Sikazwe, mwenzangu wa kupakia, alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani njooni! Siku zote kesi ni ng'ombe wa Msukuma kala mahindi ya Mfipa. Leo Mfipa kala ng'ombe wa Msukuma! Wote saba! Bila hata ugali!"

Ghala zima likacheka. Mama Kulwa hakucheka.

Jumanne hakukaa kwenye magunia. Alikunywa chai yake mlangoni, kanipa mgongo. Nikawasha hotspoti, nikakaa na mashine zangu zote peke yangu. Ngano inajivuna. Hopa zinajaa. Kila kitu kinajiendesha na hamna mtu wa kumwonyesha. Nikajua sasa. Sikuwa najenga kwa ajili ya mashine.

Hilo sijamwambia mtu. Naliandika hapa tu.

Jumatano ya wiki iliyopita nikamfuata. Nikasema, "Mama Kulwa, nimekosa. Nitoze faini."

Akaniangalia. Sikazwe akadakia, "Mtoze huyo, shemeji! Kwenu si mnatozana ng'ombe?"

"Shemeji ya nani?" akamuuliza. Sikazwe akawahi gunia lake.

Kisha akaniambia mimi. "Ng'ombe saba. Sio wa pale karibu. Kule mlimani nilikowatoa wale. Uwaswage kwa miguu. Usiwapakie kwenye mtumbwi, usiwajengee reli. Na lile jiko lako livunje."

"Wiki tatu nimelijenga, mama."

"Shangazi alikaa na sisi miaka kumi na miwili."



Sasa niseme ukweli. Kwenye huo mchezo kuna njia ya mkato. Unabadilisha kitu fulani kwenye mipangilio, unapewa yai, unaligusa chini, anatoka ng'ombe. Saba ni dakika moja. Yeye asingejua kabisa. Jumamosi jioni nilifungua hiyo sehemu, kidole kikawa juu yake.

Nikafunga.

Nikaanza na jiko. Kulivunja kuliniuma kuliko nilivyotegemea. Kitu changu cha kwanza kilichofanya kazi bila kuazima akili ya mtu. Moto nikauzima, pistoni nikazitoa moja moja. Hopa nikaziweka pembeni. Nilikuwa na wazo.

Jumapili nimetoka kanisani, nikakaa ukutani penye jua, nikaingia kwenye mchezo, nikaenda mlimani. Mlima wenyewe uko mbali. Nikapata ng'ombe saba, nikashika ngano, tukaanza safari. Jamani. Mmoja anakufuata, wawili wanasahau. Unarudi kuwachukua, yule wa kwanza kaingia mtoni. Ukienda haraka wanakata tamaa, ukisimama wanasambaa. Safari hii niligeuka nyuma kila hatua. Nilihesabu mpaka nikaota hesabu. Nilifika na watano, nikawafungia, nikarudia wawili. Betri ilibaki kidogo na kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi.

Nikamfikiria baba yake. Yule mzee aliswaga ng'ombe wa kweli kutoka Shinyanga mpaka bondeni kule, na watoto nyuma, na mvua. Mimi nimeswaga kwa kidole, nimeegemea ukuta, nimechoka. Ndio nikaelewa kwa nini majina hayafutiki.

Kabla simu haijazima nikamaliza lile wazo. Nilichimba mfereji kutoka shamba la ngano mpaka zizini kwake. Ukibonyeza kitufe, ngano inakuja na maji, inaingia kwenye zile hopa za jiko, inajaa sanduku pale pale getini. Chakula cha ng'ombe. Moto hamna popote.

Jumatatu hotspoti iligoma. Jana wateja walikuja na malori matatu, hatukupumzika. Leo ndio leo.

Saa nne. Akaja. Akakaa kwenye gunia la pili, sio la karibu. Akaingia kwenye mchezo. Akahesabu. Najua alihesabu kwa sababu midomo ilikuwa inatembea.

"Umewatoa mlimani?"

"Mlimani."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Muulize kidole."

Nikamwonyesha kidole gumba. Hapo akacheka. Siku tisa nilikuwa sijakisikia hicho kicheko, nilizihesabu.

Akabonyeza kitufe cha getini, ngano ikaja. Akashika moja akamlisha ng'ombe mmoja kwa mkono. "Hii sasa ndio mashine," akasema. Basi. Ila nimeyabeba hayo maneno siku nzima na hayana uzito.

Akaanza kuandika majina. Mabaka karudi. Msumbufu karudi. Jina la Shangazi hakumpa yeyote. Akasema Shangazi ni mmoja na keshakwenda. Sawa, nikasema. Yule ng'ombe wa mwisho, mzembe, aliyekuwa anabaki nyuma kila mara, akamwandika Mfipa.

Sikazwe kasema nikate rufaa. Sikati.

Tukiwa tunanyanyuka akasema, kama anaongea na chekeche, "Jumapili wananiletea maziwa kutoka bondeni. Njoo na chombo."

Chombo ninacho. Dumu la lita tano, nimelisugua na mchanga tayari, na leo ni Jumatano tu. Shati bado najiuliza. La kanisani litaonekana nimejiandaa. La bluu limechanika kwapa.

Nimempigia Anita nimuulize. Kacheka kama Sikazwe. Kasema baba vaa la kanisani.

Haya, la kanisani. Na nikishaingia uani kwa Mama Kulwa, kitu cha kwanza kabla hata ya kusalimia: nafunga geti.