Chupa ya Nne ya Mafuta Mekundu

Bunia, Kartye Lumumba
Jumatatu, tarehe 13 Oktoba 2003

Mpendwa dada yangu, Yaya Brigitte,

Gari lako limepanda mwinuko wa nyuma ya kanisa leo saa tisa alasiri. Limebadili gia mara mbili na halikukwama. Aliyethibitisha ni Alphonse, mume wa Agathe, jirani yetu wa nyuma, ambaye alisimama ndani ya ua wake akiisikiliza injini mpaka juu.

Najua salamu hutangulia habari. Miaka ishirini na miwili ya redio imeniharibu, na Mama akisomewa mwanzo huu atasema sikulelewa. Basi pokea salamu zetu zote. Hujambo huko Kampala? Kile kifua kimepona? Shemeji je, na watoto wamezoea shule yao mpya? Huku tuko wazima. Mama anakula, analala, anagomba. Mimi nina kikohozi kidogo cha vumbi. Mji umekuwa kimya kwa siku tisa. Nahesabu siku tu, wala sisemi kwamba vita vimekwisha.

Barua yako tuliipata Jumatano. Nilimsomea Mama mara tatu ile sehemu ya daktari wa macho: kwamba amempangia tarehe 22, na kwamba mwisho wa mwezi anarudi kwao na hajui lini atakuja tena. Jicho la kushoto la Mama limefunikwa kabisa. Kwa la kulia bado anatofautisha mtu na mlango, na mchana na jioni. Ananijua kwa hatua zangu. Akikosa tarehe hii, sijui tarehe nyingine itatoka wapi.

Ulipendekeza ndege. Nilimwambia. Alijibu kwamba alipanda ndege mara moja mwaka wa 1974 na Mungu alimwelewa, asimjaribu tena. Kwa hiyo ilibaki njia ya Bogoro hadi Kasenyi, kisha boti ya kuvuka ziwa. Malori ya wachuuzi wa samaki yanashuka Alhamisi kwa msafara, na Félicien, mkuu wao, amekubali tuwe katikati yao. Aliweka sharti moja, na nililiandika kama alivyolisema: "Gari ikikufa mu njia, siye hatusimame." Simlaumu. Unajua hatari ya ile sehemu kabla ya Bogoro.

Hapo ndipo lilipoingia gari lako. Ulipokimbia mwezi wa Mei uliniambia nisiliguse mpaka urudi. Nimeligusa. Tangu Julai, kila nilipolitoa kidogo ili betri isife, lilipofika kwenye mwinuko injini ilinguruma na gari likabaki pale pale, kama mtu anayepiga kelele bila kuinuka kitini. Katsuva, fundi wa malori, alikuja akalitazama. Alipoona halina pedali ya tatu alicheka, akasema gari lisilo na embrayage ni redio yenye magurudumu. Lakini alilala chini, akanionyesha tone linaloning'inia kwenye boliti ya kumwagia mafuta ya boîte, lile sanduku la gia. Yalikuwa yakivuja kidogo kidogo, na yaliyobaki yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Akasema boîte ya namna hii yeye haigusi, lakini mafuta yakibadilishwa labda itavuta.

Mafuta yenyewe ni mekundu, mepesi kuliko ya injini. Clarisse, yule mfanyabiashara uliyesoma naye, ndiye aliyenipatia kutoka Uganda. Yalikuja kama kila kitu kinavyokuja hapa sasa, ndani ya chupa za bia ya Primus, chupa nne, zimezibwa kwa plastiki na kamba. Nilizipanga kwenye ngazi ya jikoni, kivulini. Uone kosa langu la kwanza. Mimi ambaye huwafundisha vijana wa redio kuandika jina la kila kitu, sikuandika neno hata moja kwenye chupa zile.

Jumamosi asubuhi niliifanya kazi nyumbani, uani. Niliwasha injini kwa dakika kumi mafuta yapate moto, nikaizima, nikaliinua gari kwa jeki na kuweka magogo mawili chini, maana jeki yako siiamini. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na tairi, ameshika tochi mchana kweupe na kuielekeza alikodhani niko.

"Régine, uko wapi?"

"Niko chini ya gari, Mama."

"Mutoto wa mwalimu chini ya gari. Baba yako angecheka."

"Angeshika tochi vizuri zaidi."

"Aa! Basi nizime?"

"Usizime, Mama. Inanisaidia."

Haikunisaidia, lakini ilinipendeza kuwa naye pale.

Boliti ilikuwa imekaza. Ilipotoka, mafuta yalishuka kwenye beseni yakiwa ya moto, na nimeungua kidogo kwenye kifundo cha mkono. Ile rondeli, pete ya boliti, ilikuwa imelika upande mmoja, ndiyo iliyovujisha. Niliweka mpya ya shaba aliyoniachia Katsuva. Bakuli la chini la boîte sikulifungua, kwa kuwa sina joint, ule utando wa kuzuia kuvuja, wa kulifunga tena, na kitu usichoweza kukifunga usikifungue. Nilipima mafuta machafu kwa chupa tupu: chupa tatu kamili. Nikawaza, zilizotoka ni tatu, ziingie tatu. Nikamimina mapya polepole kwenye tundu la kijiti cha kupimia, kwa mpira mwembamba na chupa ya plastiki niliyoikata kitako. Nikachomoa kijiti, nikapangusa, nikarudisha, nikachomoa tena. Mafuta yalipita alama ya juu. Nilifurahi. Chupa ya nne niliiacha kwenye ngazi kama akiba, nikaenda redioni.

Hapo nilikosea mara mbili, na kosa kubwa sikulijua mpaka leo. Boîte ilikuwa imevuja miezi mingi. Zile tatu zilizotoka hazikuwa zote zilizotakiwa kuwamo. Na nilipima injini ikiwa imezimwa, kama tunavyopima mafuta ya injini. Hivyo ndivyo anavyopima kila mtu wa hapa, kwa kuwa magari yetu yote ni ya pedali tatu.

Jana baada ya misa nikalijaribu gari mwinukoni. Lilifika nusu, likanguruma, likakataa. Nilirudi kinyumenyume hadi getini, watu wa kanisa wakitazama. Sikumwambia Mama kitu. Lakini aliuliza, "Mbona umerudia mugongo?" Masikio yake hayana mtoto wa jicho. Nikamwambia ukweli: Alhamisi hatutaweza. Akasema nisilie. Sikuwa nalia, Yaya. Yeye ndiye aliyekuwa akijipangusa.

Sasa nikueleze kuhusu Agathe. Hukumjua vizuri; walihamia nyumba ya nyuma wiki chache kabla hujaondoka, wametoka Djugu. Alphonse mumewe hajavuka geti lao tangu Mei. Sababu unaijua. Kabila lake siliandiki, kwa kuwa karatasi husomwa na wengi kabla ya kumfikia mwenyewe. Agathe ndiye anayetoka kutafuta chakula, na siku nyingine hakipatikani. Mtaani wapo wasiomwitikia salamu. Mama humwitikia, nao humwita Koko, kama bibi yao, na kuna tundu kwenye ua wa miti ambalo nalo linajua kwa nini halijazibwa.

Jumamosi ile, nikiwa kazini, Mama alisikia Agathe akiwaambia watoto kwamba sombe ya jioni, yale majani ya muhogo, haina mafuta. Akapapasa kwenye ngazi ya jikoni, akapata chupa moja, akaiinua kwenye mwanga na jicho lake la kulia likamwonyesha nyekundu. Yaya, wewe mwenyewe umeuziwa mafuta ya mawese kwenye chupa ya Primus maisha yako yote. Alijua ni chupa ya mwisho, maana alizipapasa zile nyingine, zote tupu. Akaipitisha kwenye tundu la ua na kusema, "Siye tunasafiri, tutakula ya Kasenyi."

Leo asubuhi, nimekaa uani nikitafuta namna ya kukuandikia kwamba hatuji, Agathe akapita tunduni na chupa mkononi.

"Ya Régine, usikasirike. Hii mawese yenu inanuka garage."

Mama akaruka kitini. "Mumekula?"

"Hapana, Koko. Nilitia kijiko moja tu mu sufuria, kitunguu ikakimbia yenyewe. Alphonse akanusa, akasema tusiguse. Anasema iko huile ya boîte automatique. Anauliza nani iko na gari ya hivi mu Bunia."

Nilisimama. Nikamwuliza Alphonse anaijuaje. Agathe akasema mumewe aliendesha gari la bosi wa mbao kule Nia-Nia miaka minane, la automatique. Miezi mitano mtu huyu amekaa mita ishirini kutoka jikoni kwetu, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza watu wanafanya nini, sikuwahi kuuliza.

Kabla sijamaliza kufikiri, Mama alikwisha kuita juu ya ua kwa sauti ya sokoni: "Alphonse! Kumbe uko muzima? Nilifikiri Agathe anasemaka na ukuta!"

 Kisha sauti ya mwanaume ikajibu, taratibu: "Niko, Koko. Niko najifunza kupika."

"Kwa hii mafuta?"

"Mwalimu ni weye, Koko."

Mama alicheka mpaka akashika kifua. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ulipoondoka.

Alphonse alipita tunduni mwenyewe. Amekonda, ni mrefu, ndevu hazijanyolewa. Aliangalia geti letu kwanza. Nililifunga, nikaweka beseni nyuma yake. Akauliza swali moja tu: "Madame journaliste, ulipima moteur ikiwa inatembea ao imezimika?"

"Imezimwa."

"Ndiyo maana. Ikizimika, mafuta yote inashuka chini, kijiti inakudanganya. Banapimaka ikiwa na moto na inatembea."

Akanifanya nizungushe gari polepole ndani ya ua mpaka boîte ipate joto, nikalisimamisha mahali palipo sawa, injini ikiendelea. Nikakanyaga breki, nikapitisha mkono wa gia kila mahali, nikihesabu tatu kila kituo, kisha nikarudisha kwenye maegesho. Akachomoa kijiti. Akakataa kitambaa changu cha kitenge kwa sababu nyuzi zake huingia ndani. Akakipangusa kwa karatasi. Aliporudisha na kuchomoa tena, mafuta yaligusa ncha tu. Alimimina nusu ya chupa, tukapima. Akamimina tena kidogo, tukapima. Aliacha kumimina chupa ikiwa imebaki vidole viwili, mafuta yalipofika katikati ya alama za moto. Akasema kuzidisha ni kubaya kama kupunguza.

Kwenda nami mwinukoni hakuweza, na sikumwomba. Alisema atasikia akiwa uani kwake. Nilimchukua Mama, kwa kuwa alikwisha kupanda garini na alikataa kushuka. Tulipofika juu aliuliza, "Tumefika?" Nikamwambia tumefika. Akapapasa kioo mbele yake kama anayempangusa mtoto uso. 

Tuliporudi, Alphonse alinionyesha vidole viwili kupitia ua: gia mbili, safi. Ameniagiza nipime tena Bogoro kabla ya kushuka kuelekea ziwani, nishuke na gia ya chini wala nisikalie breki.

Mtu mmoja wa mtaani alinisimamisha jioni, akauliza yule bwana alifuata nini kwetu. Nikamjibu alirudisha mafuta. Ndivyo ilivyokuwa. Aliniangalia sana, akaenda zake.

Mama amekata shauri jambo moja, na nakuarifu tu, usijibu kwa kupinga. Hadi nitakaporudi Jumamosi, nikishamkabidhi Mama kwako, ufunguo wa nyumba utakuwa kwa Agathe. Wapo watakaosema. Nilimwambia hivyo. Alisema nyumba imeona mengi, haitakufa kwa watoto kulala ndani yake. Chumba chako kina kitanda kizuri. Nadhani ndicho alichokuwa akikifikiria.

Mafuta machafu tumempa shangazi Élise apake nguzo za choo, mchwa wamezidi.

Nisalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja, usiwajumlishe. Nadège mwambie koko yake anamletea kitambaa alichokishona kabla macho hayajamwacha. Mishono ya mwisho imepinda, asicheke. Huku wanakusalimu Élise, Katsuva wa malori, na Agathe, ambaye sasa anakuita dada bila kukufahamu. Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, na alinde njia iliyo kati yetu.

Barua hii anaibeba Clarisse kwa ndege ya kesho. Alhamisi saa moja asubuhi tunaondoka na malori, usiku tutalala Kasenyi kwa Madeleine, binamu ya baba. Ijumaa tarehe 17 boti linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Uwe ufukoni Ntoroko, upande wenu wa ziwa, saa tatu ya kwetu, yaani saa nne ya kwenu. Mama atakaa mbele, kitenge cha kijani. Usimpungie mkono, Yaya, hataona. Mwite. Amesema uite mara moja tu, atakuitikia.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Régine