Sijamaliza Kuvuna

Jumapili, 13 Agosti 1995

Baba mdogo Malimi amekuja tena baada ya kanisa. Hakukaa. Pamba ya Nkololo nzima imeshachumwa, anasema, mashamba sasa ni ya ng'ombe, na ng'ombe wake wataingia kwetu kama wanavyoingia kwa kila mtu. Nikamwambia zabibu bado mbichi. Akasema zabibu si zao la kuhesabiwa. Kama si kitu, ng'ombe wake wanafuata nini?

Namjua. Tangu wanunuzi binafsi waje na fedha taslimu, macho yake yako kwenye ekari hii. Ng'ombe wakiimaliza, mwakani atapanda pamba na kusema ni mapenzi ya Mungu. Marehemu baba alileta miche hii ya mizabibu kutoka Dodoma walipompunguza kazi kiwanda cha mvinyo – kwenye gunia bichi, mapajani, safari nzima. Sitoi hata mche mmoja.

Jumanne, 15 Agosti

Nimepata! Shamba ni la ng'ombe likishavunwa. Lisipovunwa, anayeingiza ng'ombe anapigwa faini na wazee. Zabibu wazee hawazihesabu, lakini pamba wanaihesabu. Na sisi pande tatu tuna ua wa minyaa, upande wa nne ni mistari kumi ya pamba ambayo hatujaichuma. Basi hatuichumi! Ibaki hapo, nyeupe, kila mpita njia aione.

Mama kanitazama kama nimepandwa na wazimu. Bei ya mwaka huu nzuri, anasema, unaacha pamba ianguke chini? Naiacha.

Ijumaa, 18 Agosti

Kisimani wananicheka. Felisita mvivu. Felisita kalewa mvinyo wake mwenyewe. Wacheke.

Nimeonja zabibu za upande wa jua. Utamu umeanza kushika, mbegu bado kijani. Mwaka jana tulivuna mapema kwa kumwogopa huyu huyu mzee, mvinyo ukawa mkali kama siki, walimu wa Bariadi walionunua wakarudisha chupa. Mwaka huu sivuni kwa woga.

Salu kapita na ng'ombe wa baba mdogo. Kaka yangu wa tumbo moja, anamchungia yule mzee kwa ahadi ya ndama! Hakuniangalia usoni. Nikamsalimia kwa sauti kubwa, makusudi.

Jumatatu, 21 Agosti

Bwana shamba kaja na pikipiki. Kaitwa na nani, sina haja ya kuuliza. Miti ya pamba ing'olewe na kuchomwa, wadudu wasivuke msimu. Mwisho Alhamisi, ama faini. Hata hakuwa mkali. Kaomba kuonja mvinyo – nimemnyima!

Pamba ikiondoka, njia ni nyeupe kwa ng'ombe. Baba mdogo kapiga hesabu vizuri. Nimelia jikoni kwa hasira. Mama kaniacha hadi nikamaliza, halafu akasema: ng'wanone, mwanangu, bwana shamba amesema uchome. Hajasema uchome haraka.

Alhamisi, 24 Agosti

Naandika nimekaa juu ya ndoo, mikono inanata. Tangu alfajiri nang'oa na kuchoma – pale pale kwenye uwazi, fungu moja moja, mibichi na mikavu pamoja, itoe moshi. Ng'ombe wamesimama ng'ambo, wanapiga chafya, hawasogei. Baba mdogo yuko juu ya kichuguu, anasubiri. Nachoma kwa amri ya serikali, aseme nini?

Nyuma yangu mama anakata vishada. Pipa moja limejaa, nusu ya shamba bado. Tamu kweli safari hii! Upepo umegeuka mara mbili, moshi ukatufunika sisi na zabibu zetu. Mvinyo wa mwaka huu utanuka moshi. Na unuke! Nitawauzia walimu hivyo hivyo.

Lakini miti imebaki kidogo. Mistari kumi haitoshi kufika jioni, jua bado liko juu. Baba mdogo ameona. Kasimama, anajipangusa suruali.

Kuna mtu anatoka shambani kwa baba mdogo amejitwika mzigo. Miti ya pamba. Kumbe mzee mwenyewe hajachoma yake! Mzigo umemfunika uso anayeubeba – ni Salu. Ng'ombe kawaacha bila mchungaji. Baba mdogo anapiga kelele: rudi, ndama huyo usahau! Salu hajageuka. Anakuja moja kwa moja kwenye moto. Na dume mmoja mwekundu naye ameanza kusogea. Ngoja nikampokee –