Nilimwambia Wameruka

Jumanne. Kipupwe kimekaza, asubuhi vidole vilikufa ganzi kwenye brashi. Sasa ni jioni na moyo wangu ni mzito kuliko ndoo ya rangi.

Wiki iliyopita, kwenye mkutano wa kijiji, nilieleza kazi ya daraja lao la chuma, njia ya Njinjo. Wanakijiji watoe nguvu kazi ya kukwangua kutu, mimi msimamizi nimeleta rangi. Bi Somoe akasimama. Akasema chini ya boriti ya mwisho mbayuwayu wana makinda.

"Mwanangu, nyingine zote pakeni. Ile iacheni siku kumi tu, waruke."

"Inshallah bibi, tutaiacha," nikajibu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitaka tu mkutano uishe.

Leo boriti ile ilibaki peke yake, na lori la kurudi Lindi linapita kesho. Nimeikumbuka nyumba yangu Rutamba, miezi miwili sijamwona mke wangu. Nikawaambia wenzangu wakapumzike kivulini, nikashuka chini ya daraja peke yangu na kikwanguo.

Viota vinne vya udongo.

Vitatu vilitumbukia mtoni. Cha nne kilipasukia mchangani, na kinda mmoja akanifumbulia mdomo akidhani nimemletea chakula. Nilimtazama mpaka akatulia. Kisha nikapaka rangi haraka haraka, kama mwizi.

Adhuhuri Bi Somoe alituletea muhogo wa kuchemsha, kama kila siku. Kipande kikubwa akaniwekea mimi.

"Na wale wadogo?"

"Wameruka, bibi."

"Alhamdulillahi! Mapema hivyo!" Akacheka kwa furaha, akaniombea dua nifike kwangu salama.

Muhogo niliumeza. Hata hilo naona aibu kuliandika.

Jioni hii mbayuwayu wakubwa wamerudi na wadudu midomoni. Wanaizunguka boriti yenye rangi mbichi, wanaondoka, wanarudi tena. Na pale chini ndipo Bi Somoe anapoteka maji kila alfajiri. Atawaona. Ataelewa bila kuuliza mtu.

Basi lori liende. Kesho, kabla hajajitwika ndoo, nitakuwa mlangoni kwake nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akinifokea nitashukuru. Ninachoogopa ni kwamba atanisikiliza mpaka mwisho, kisha anikaribishe muhogo.