Mshumaa wa Zabeth

Le Moule, Siku ya Watakatifu Wote

Mdogo wangu Anatole,

Huku kisiwani hatujambo, na mshelisheli wako umezaa. Yule babu Mfaransa uliyenituma nimtafute, upate kutundika picha yake sebuleni kwako Paris, nimempata. Amelala chini ya marumaru, kaburi limewashiwa mishumaa kibao ya sikukuu ya leo. Zabeth, mtumwa wake aliyemzalia watoto waliotuzaa sisi, hana kaburi. Alifukiwa nje ya ukuta wa makaburi, na juu yake wamepanda miwa. Nikaenda kumwashia mshumaa wake. Mlinzi wa shamba akanifokea, "We mama, una wazimu? Utatuchomea miwa!"

Nikauzima. Lakini babu yako alipompiga Zabeth chapa ya moto begani kama ng'ombe, nani alimfokea?

Mtundike. Ila mimi kwako sikanyagi.

Dada yako,
Firmine