Bangi ya Usingizi na Bangi ya Furaha

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Ilford tu wazima. Babu yako bado anagombana na redio. Umeniuliza, kwa kuwa huko Toronto bangi ni halali, uchague aina gani upate usingizi. Majina wanayozipa, "ya usingizi" na "ya furaha", mimi siyaamini.

Nilipokuwa msichana hapa London, nikikosa usingizi, muuzaji mmoja wa bangi wa mtaa wa Stratford aliniletea pakiti mbili: ya usingizi na ya furaha. Nikamwambia ageuke, nikazimimina kwenye sahani mbili.

"Haya kaka, ipi ya usingizi?"

Akanusa, akacheka. "Dada, zote zitakulaza!"

Hata hakuniuliza kwa nini silali. Nawe, mama, unameza dawa za kifafa, na bangi inaweza kugongana nazo. Muuzaji wako amekuuliza hilo? Kama hakuuliza, usinunue chochote kwake. Mpigie daktari wako leo.

Bibi yako, Mwanaisha