Samaki wa Nyuma ya Jiko

Mama, shikamoo. Mdogo wako anakusalimu, nami kichwa kimenivurugika. Nilipofika hapa kwake Mtongwe, kibonde cha nyuma ya nyumba kilikuwa kikavu mpaka kimepasuka. Tukachimba udongo wake, tukakandika ukuta wa jiko. Mvua zikaja, pakawa dimbwi, na sasa mna samaki wadogo wenye mikia myekundu. Mto hakuna. Nikauliza nani kawatia.

Mama mdogo akanishangaa. “Awatie nani? Mayai yalikuwa humo humo udongoni, yakingojea mvua.”

Tangu hapo nala wali wake wa nazi huku nikiukodolea macho ule ukuta. Nimekukumbuka sana, Mama. Tuombee paa la jiko lisivuje.